Gereji ya propela na difu, Nyakato: mafundi waliopima kabla ya kubadilisha

Hilux yangu ni pikapu ya injini mbele, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na kazi yake ni moja: huondoka Mwanza alfajiri ikiwa tupu kwenda Magu, na jioni hurudi na magunia ya mchele. Kwa miezi 7 safari ya kwenda ilikuwa mateso. Tukishapita Kisesa na barabara kunyooka kuelekea Nyanguge, mara tu mshale wa mwendo ulipofika 65, sakafu ilianza kutetemeka, kioo cha ndani kikawa hakionyeshi kitu, na mvumo mzito ukapanda kutoka chini ya kiti hadi nilipopita 85. Nikiondoa mguu kwenye mafuta mvumo ulibadilika sauti bila kuisha. Wakati wa kurudi na mzigo mtetemo ulipungua sana, ingawa haukwisha, na jambo hilo ndilo lililonichanganya zaidi, kwa sababu nilizoea kuamini kwamba gari lenye hitilafu huumia zaidi likibeba.

Kabla ya kufika Nyakato nilikuwa nimetumia shilingi 410,000 kwenye gereji nyingine ambayo sitaitaja. Magurudumu yalibalansiwa mara mbili, krosi zote 3 za propela zikabadilishwa (krosi ni viungo vinavyokunjika vya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, yaani gia za ekseli ya nyuma), senta beringi inayoishikilia propela katikati ikawekwa mpya, na mwishowe mpira wa kushikilia giaboksi nao ukabadilishwa. Kila kifaa kilipowekwa niliambiwa kuwa tatizo limekwisha, na kila mara barabara ya Nyanguge ilinirudisha palepale. Hakuna aliyeniuliza swali ambalo leo naona lilipaswa kuwa la kwanza, yaani kama gari hili lilikuwa limewahi kuinuliwa nyuma. Lilikuwa limeinuliwa. Mwaka uliotangulia niliongeza pleti mbili kwenye springi za kila upande, na fundi wa springi akaweka vishikizo virefu zaidi kwenye ncha za mbele, ili gari lisiinamie mkia likibeba mchele. Kazi hiyo ilifanikiwa kwa lengo lake. Kilichosahaulika ni kwamba difu imefungwa juu ya springi hizohizo, na springi ikigeuzwa, difu nayo hugeuka.

Gereji ninayoiandika hapa iko Nyakato, hatua chache kutoka barabara kuu ya Musoma, na inashughulika na propela shafti, difu na springi peke yake. Haina mwonekano wa kuvutia: kibanda cha mabati, shimo moja la kukagulia magari, mashine ya kukerezea vyuma ukutani, na sakafu ya zege. Sakafu hiyo ndiyo mtaji wao mkubwa kuliko mashine, na nitaeleza kwa nini.

Fundi mkuu ni mtu wa makamo, mpole, ambaye alinisalimu kwa "Mwangaluka" kisha akaniacha nieleze yote bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza: "Mzee, gari hili linatembea zaidi likiwa tupu au likiwa na mzigo?" Nikamjibu kwamba ni nusu kwa nusu. Akauliza kama mtetemo unafuata mwendo wa gari au mwendo wa injini, na kama unazidi nikikanyaga mafuta au nikiyaachia. Hakusubiri nibahatishe. Tulitoka naye hadi mbele ya Igoma, na palipokuwa salama, tukiwa kwenye 80, akaniomba nitoe gia niliache gari liserereke. Injini ilishuka ikanyamaza, lakini mtetemo uliendelea vilevile. Kwa jaribio hilo la nusu dakika injini na klachi ziliondolewa kwenye orodha ya washukiwa, jambo ambalo miezi 7 ya kubadilisha vifaa haikuweza kulifanya.

Njiani kurudi alinipigia hesabu ambayo naiweka hapa kwa sababu inamsaidia yeyote mwenye gari la namna hii. Tairi langu likizunguka mara moja hutembea kama mita 2.1. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linazunguka zaidi kidogo ya mara 10 kwa sekunde. Difu yangu ina uwiano wa 4.1 kwa 1, kwa hiyo propela huzunguka zaidi ya mara 43 katika sekunde hiyo hiyo. Tairi lisilobalansiwa litapiga mara 10 kwa sekunde, na dereva atalihisi kama mtikisiko wa polepole kwenye usukani au kiti. Propela isiyobalansiwa itapiga mara 43. Pembe mbaya za propela zitapiga maradufu ya hapo, karibu mara 87, na huo hauhisiwi tena kama mtikisiko bali husikika kama mvumo unaojaa kwenye sakafu. Mimi nilikuwa nalalamikia mvumo, na watu walikuwa wakibalansi matairi.

Sababu ya kupiga maradufu iko kwenye tabia ya krosi yenyewe. Kiungo hiki ni cha zamani sana. Wazungu hukiita kwa jina la Gerolamo Cardano wa Italia, aliyeishi karne ya 16, au la Robert Hooke, Mwingereza wa karne ya 17, na hadi leo hakijabadilika sana katika umbo: uma mbili zilizoshikwa na msalaba mmoja. Krosi ikiwa imekunjwa kwa pembe, upande unaoingiza nguvu huzunguka kwa mwendo sawa, lakini upande wa pili huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Kadiri pembe inavyokuwa kubwa ndivyo kuharakisha na kuchelewa huko kunavyozidi. Pembe ya nyuzi 3.7 husababisha tofauti ya asilimia 0.2 hivi kwenda juu na chini, ilhali nyuzi 6.2 husababisha karibu asilimia 0.6, yaani pembe haijafika hata maradufu na dosari imekwishafika takriban mara 3. Dawa yake ni kuweka krosi ya pili yenye pembe iliyo sawa na ya kwanza, na uma zikiwa zimelingana, ili kile ambacho krosi ya kwanza imeharakisha, ya pili ikicheleweshe kwa kiasi kilekile, na difu ipokee mzunguko ulio tulivu. Hapo ndipo kupima kunapoanza kuwa na maana, kwa sababu vifaa vyote vinaweza kuwa vipya kabisa na propela ikaendelea kuvuma.

Kupima kwenyewe kulichukua saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa maandalizi. Upepo wa matairi ulisawazishwa kwanza. Gari likasimamishwa kwa magurudumu yake juu ya sakafu, bila jeki, kwa sababu ekseli ikining'inia springi hujipinda zaidi na pembe zote hubadilika. Nimewahi kuona propela ikikaguliwa huku nyuma ya gari kukiwa hewani, na sasa najua kwamba ukaguzi huo haukuwa na thamani. Zege la gereji hii lilisawazishwa kwa pima maji lilipomwagwa, na mwenye gereji hulikagua upya kwa mpira wa maji. Kijana mmoja akashuka shimoni, akafuta matope na kutu kwenye bomba la propela na kwenye nyuso za flenji zilizokerezwa, kisha akabandika pima maji ndogo ya kidijitali yenye sumaku, inayosoma hadi sehemu ya kumi ya nyuzi moja. Alisoma kila sehemu mara mbili, na aligeuza chombo kabla ya kusoma mara ya pili.

Propela ya Hilux yangu ina vipande viwili vinavyokutana kwenye senta beringi. Giaboksi iliinamia nyuma kwa nyuzi 2.1, kipande cha mbele kwa nyuzi 2.8, kipande cha nyuma kwa nyuzi 6.5, na shina la pinioni ya difu (gia ndogo inayopokea mzunguko wa propela) kwa nyuzi 0.3 tu. Pembe inayofanya kazi kwenye kila krosi ni tofauti kati ya vipande viwili vinavyokutana hapo, kwa hiyo krosi ya mbele ilikuwa na nyuzi 0.7, ya katikati nyuzi 3.7, na ile ya difuni nyuzi 6.2. Mbili za mwisho ndizo zinazotakiwa kufutana, na tofauti yao isizidi nyuzi 1. Yangu ilikuwa 2.5. Zaidi ya hayo, kwa propela inayozunguka kwa kasi kubwa mafundi hupenda kila krosi ibaki chini ya nyuzi 3 au karibu na hapo, na pia isiwe sifuri kabisa, maana sindano za beringi zisipotembea hata kidogo huchimba mashimo mahali zilipolala.

Kwa mara ya kwanza nilielewa kilichotokea mwaka uliopita. Vishikizo virefu vilishusha ncha ya mbele ya springi, springi ikainamia mbele, na difu iliyofungwa juu yake ikainamisha pua yake, yaani upande wa mbele propela inapoingia, kuelekea ardhini. Wakati huohuo pleti za ziada zilinyanyua mwili wa gari, senta beringi ikapanda nao, na kipande cha nyuma cha propela kikawa na mteremko mkali zaidi. Mambo mawili yalikwenda kinyume na yakakutana kwenye krosi moja, ile ya difuni, ambayo ndiyo niliyokuwa nimeibadilisha na ilikuwa imeanza tena kulegea.

Nilitarajia kazi ianze siku hiyo. Badala yake fundi mkuu alikataa kugusa chochote mpaka niwe nimerudi na mzigo. Nilikereka, nakiri, kwa sababu ilikuwa na maana ya siku moja zaidi. Lakini alikuwa sahihi. Nilirudi kesho yake jioni moja kwa moja kutoka Magu na magunia 6 ya kilo 100, wakapima upya gari likiwa limeelemewa, na picha ikawa nyingine: propela ya nyuma ilikuwa imelala, krosi ya katikati ikiwa na nyuzi 0.2 na ya difuni 2.9. Hiyo ndiyo sababu mtetemo ulipungua njiani kurudi. Pembe nzuri kwa gari tupu si lazima iwe nzuri kwa gari lililobeba, na anayefunga difu kwa kipimo kimoja peke yake anamtengenezea mteja nusu ya safari. Walitafuta mahali pa katikati ambapo hali zote mbili zinavumilika, na kwa gari la kazi kama langu hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Marekebisho yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kuweka kabari za chuma za nyuzi 2.5 kati ya springi na kikalio cha ekseli, ili pua ya difu inyanyuke. La pili lilikuwa kushusha senta beringi kwa milimita 5, kwa kuweka vipande vya bapa kati ya bano yake na chesisi, ili mkunjo ugawanywe kati ya krosi zote 3 badala ya kurundikwa nyuma. Kwa nini 2.5 na si 3, ilhali hesabu ya gari lililosimama ingeruhusu zaidi? Kwa sababu gari la springi za pleti likivuta, nguvu ya magurudumu huisokota springi na pua ya difu hupanda yenyewe kwa nyuzi 1 hivi, wakati mwingine zaidi. Difu hufungwa ikiwa imeinama kidogo ili ikianza kazi ipande na kufika mahali pake. Maelezo hayo niliyapata bila kuuliza, na nilithamini kwamba fundi hakunihesabu kama mtu asiyeweza kuelewa.

Kabari zilikerezwa palepale kwa chuma. Walikuwa na nyingine za aluminiamu kwenye rafu, lakini fundi mkuu alisema hizo si za gari la mizigo, kwani husagika taratibu chini ya uzito, yuboliti (boliti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi) zikalegea, na ekseli ikaanza kuhama. Boliti za katikati za springi zilibadilishwa kwa ndefu zaidi ili vichwa vyake viendelee kukaa ndani ya tundu la ekseli baada ya unene kuongezeka. Yuboliti zote 4 zilikuwa mpya. Za zamani hazikurudishwa hata moja, kwa sababu boliti iliyokwishavutwa na kulegezwa haishiki tena kama ilivyoshika mwanzo.

Kuna tukio dogo ambalo lazima niliseme. Kijana aliyekuwa upande wa kushoto aliweka kabari kwa kugeuza, ncha nene ikitazama nyuma. Kwenye Hilux yangu ekseli imekaa juu ya springi, kwa hiyo ili kunyanyua pua ya difu ncha nene lazima itazame mbele. Kwa gari ambalo ekseli iko chini ya springi ni kinyume chake, na naamini ndiko kijana alikokuwa amezoea. Fundi mkuu aliiona kabla nati hazijakazwa, akamwita, na badala ya kumfokea akamwambia ashike pima maji aone mwenyewe upande gani unapanda. Makosa kama hayo yangeweza kupita kwenye gereji isiyokagua, na ekseli ingefungwa ikiwa imesokotwa, upande mmoja juu na mwingine chini.

Kabla ya kurudisha propela walikagua pia kama uma za kipande cha nyuma zimelingana. Propela yenye kiungo cha meno kinachoteleza inaweza kuunganishwa ikiwa imekosea meno mawili au matatu, na hapo hata pembe zilizo sawa kabisa haziwezi kufutana. Yangu ilikuwa imewekwa sawasawa, na nikaonyeshwa alama ya rangi waliyoichora ili fundi yeyote atakayeifungua baadaye asiikosee. Walitazama mpira wa breki wa nyuma na waya wa breki ya mkono kama havikuvutwa, na sili ya pinioni kama haikuanza kuvuja.

Vipimo vya mwisho, gari likiwa tupu, vilikuwa nyuzi 1.2 kwenye krosi ya mbele, 2.0 katikati na 2.5 difuni. Likiwa na magunia yale 6 katikati palisoma 1.8 na difuni 1.1, mkunjo ukiwa umeelekea upande wa pili. Asubuhi iliyofuata nilikwenda Magu. Kati ya Kisesa na Nyanguge nilipandisha hadi 90, nikashusha, nikapandisha tena. Mvumo wa 65 hadi 85 haupo. Umebaki mnong'ono mdogo karibu na 95 nikiachia mafuta ghafla gari likiwa tupu, kama nilivyoonywa kwamba ungeweza kubaki, na kwa mwendo huo sina sababu ya kuufikia nikiwa na pikapu ya mchele.

Gharama zilikuwa hivi: kupima shilingi 30,000, kabari mbili 40,000, yuboliti 48,000, boliti za katikati 8,000, na ufundi 90,000. Jumla ni 216,000, karibu nusu ya nilichokwishapoteza kwa kubahatisha. Bei ya kupima hulipwa hata kama hukuendelea na kazi, na naona ni haki.

Yapo mapungufu. Wana pima maji moja tu ya kidijitali, hivyo magari mawili yakija pamoja moja husubiri, na mahali pa kusubiri ni benchi chini ya bati ambalo saa saba mchana halikaliki. Simu zangu mbili hazikupokelewa. Karatasi ya vipimo niliipata kwa kuiomba, na nashauri kila mteja aiombe kabla ya kulipa, kwa sababu bila namba zile fundi mwingine ataanza upya. Pia hawashughuliki na kila gari la magurudumu ya nyuma. Niliyemkuta pale alikuwa na Mark II GX110, ambayo difu yake haikukaa juu ya springi bali imening'inizwa kwenye fremu ndogo chini ya bodi, na hapo kabari haina mahali pa kuwekwa. Walimweleza wazi kwamba pembe zake zitakuwa zimeharibiwa na mipira ya difu au ya giaboksi iliyochoka, wakampima, na wakamwelekeza akabadilishe mpira wa nyuma wa difu kwingine. Wangeweza kumtoza kazi isiyokuwapo, na hawakufanya hivyo.

Niliagizwa nirudi baada ya kilomita 500 ili yuboliti zikazwe upya, kwani kabari na pleti hukaa vizuri baada ya kubeba mzigo mara kadhaa. Nilirudi, nati 3 kati ya 8 zikapokea robo mzunguko, na sikutozwa chochote. Kijana yule aliyekuwa ameikosea kabari ndiye aliyeshika spana, na alipomaliza alipima pinioni tena bila kuambiwa, kisha akaandika namba kwa rangi nyeupe upande wa ndani wa chesisi, juu ya difu, pamoja na tarehe.